Mlango wa Manispaa

Kisumu ilikwenda kupiga kura mnamo Desemba 1969 ikiwa bado kwenye matanga. Mwezi Julai mwanasiasa Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi mchana kweupe katikati ya Nairobi. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alifika mjini kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Maneno makali yakarushwa baina ya jukwaa na umati, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha KPU kilichoongozwa na Oginga Odinga kikapigwa marufuku, na Odinga mwenyewe akawekwa kizuizini. Wapiga kura wa jimbo la Kisumu Mjini wakabaki na chama kimoja na orodha moja ya wagombea. Wakamchagua Grace Onyango, mwalimu, aliyewahi kuwa diwani wa Kaloleni, na meya wa mji wao tangu mwaka 1965.

Vitabu vya kumbukumbu vinamtaja kama mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya, na ni haki yake. Ila sifa hiyo imefunika jambo jingine. Onyango aliingia bungeni kwa mlango ambao wanasiasa wa Kenya walikuwa wakiupitia tangu enzi za gavana, nao ni mlango wa baraza. Na mwezi ule ule ambao yeye aliupita, serikali ilikuwa mbioni kuupunguza upana wake.

Mlango wenyewe ulijengwa na wakoloni kwa sababu zao. Mwaka 1924 serikali ya Kenya ilirekebisha sheria ya tawala za Kiafrika na kuruhusu Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, na hakuna azimio lililopita bila ridhaa ya wakubwa wake. Lengo lilikuwa kuwapa vijana waliosoma mahali pa kusemea chini ya jicho la serikali, wasije wakasemea kwenye vyama vya siasa vilivyokuwa vikichipuka Nairobi na Nyanza. Lakini mabaraza yalipewa kitu kimoja ambacho vyama havikuwa nacho: ruhusa ya kutoza ushuru na kuutumia. Wajumbe wakaung'ang'ania. Shule za serikali za Kakamega na Kagumo, zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, zilisimama kwa fedha zilizochangwa na mabaraza hayo. Kwa hiyo mjumbe aliyerudi kijijini hakurudi na hotuba tupu. Alikuwa na jengo la kuonyesha.

Hata Baraza la Kutunga Sheria, lile Legco, lilipoanza kupokea Waafrika, njia ilipita hapo hapo. Eliud Mathu aliteuliwa na gavana mwaka 1944, wa kwanza. Viti vilipoongezwa miaka michache baadaye, gavana aliteua kutokana na majina yaliyopendekezwa na mabaraza ya wilaya. Uchaguzi wenyewe wa Waafrika haukuja hadi Machi 1957, tena kwa masharti ya ajabu: mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kutegemea elimu yake, mali yake, umri na utumishi wake, na katika wilaya za Wakikuyu, Waembu na Wameru mpiga kura alipaswa kwanza kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Waliochaguliwa walikuwa wanane. Mathu, aliyeingia kwa uteuzi, akaangushwa na Bernard Mate.

Ukiwatazama wale wanane utaona alama za baraza. Odinga alikuwa amekaa katika baraza la Nyanza ya Kati, akibishana na Mkuu wa Wilaya juu ya fedha za wenyeji, kabla hajawa jina la taifa zima. Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyesomea Makerere, alikuwa mjumbe wa Bodi ya Manispaa ya Mombasa kabla ya kuwakilisha Pwani. Ngala alikuja kuongoza KADU, chama kilichotaka serikali za majimbo ziwe na meno. Mtu huweza kuyasoma madai hayo kama hofu ya jamii ndogo mbele ya jamii kubwa, na hofu hiyo ilikuwapo kweli. Ila si vibaya kukumbuka kwamba aliyekuwa akiyatoa alishawahi kuona kwa macho yake jinsi maji na masoko ya mji yanavyoweza kusimamiwa na watu wanaoishi humo.

Mboya alikuja kwa mlango wa nyuma. Hakuwa diwani, alikuwa mwajiriwa. Baada ya mafunzo ya Jeanes School, Kabete, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, kazi ya kuingia kwenye maduka na majiko ya watu na kuangalia usafi. Wakaguzi wa Kizungu walilipwa zaidi ya wenzao Waafrika kwa kazi hiyo hiyo. Hilo lilimtosha. Akawapanga wafanyakazi wa baraza katika chama chao cha wafanyakazi, akapanda hadi ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akamshinda wakili Argwings-Kodhek katika kiti cha Nairobi. Jiji lilikuwa limemlea bila kukusudia.

Nairobi lenyewe lilikuwa baraza la namna nyingine kabisa. Lilianza mwaka 1900 kama kamati ndogo ya kusimamia mji wa reli, likapata hadhi ya jiji kwa hati ya kifalme tarehe 30 Machi 1950, na kwa muda mrefu lilikuwa la walowezi, na Waasia kidogo wakiruhusiwa pembeni. Waafrika wa kwanza waliketi humo kwa kuteuliwa, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1962, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Alivishwa joho na mkufu, mila iliyoletwa na Waingereza na ambayo hakuna serikali ya Kenya iliyoona haja ya kuivua hadi mabaraza yenyewe yalipokufa.

Kazi ya Rubia ilimweka mahali ambapo mbunge hakufika. Umati ulikuwa ukimiminika jijini baada ya vizuizi vya kikoloni vya kuingia na kutoka kuondolewa. Mtu aliyefika kutoka Murang'a au Machakos alihitaji chumba, na nyumba nyingi za kupanga za watu wa kipato cha chini zilikuwa mali ya baraza. Alihitaji pa kuuzia: kibanda sokoni kilitolewa na baraza. Alihitaji leseni ya biashara, nafasi ya mtoto katika shule ya msingi, zahanati, na hata kaburi. Yote hayo yalipitia kamati ambazo wajumbe wake walikuwa madiwani. Na aliyekosa leseni alikutana na askari wa baraza, wale ambao Wanairobi hadi leo huwaita kanjo, wakibeba mboga zake kwenye lori. Diwani aliyeweza kumrudishia mama mboga mizani yake alikuwa amejipatia kura ya mama huyo, ya wanawe, na ya safu nzima ya wachuuzi wenzake.

Meya hakuchaguliwa na wananchi. Alichaguliwa na madiwani wenzake. Hilo lilizaa siasa ya aina yake, ya kuhesabu vichwa: nani yuko na nani, nani ameahidiwa uenyekiti wa kamati ya fedha, nani amehama jana usiku. Katika miaka ya baadaye ilikuwa kawaida, umeya unapokaribia kupigiwa kura, kusikia madiwani wa upande fulani wamepelekwa hotelini mji mwingine wasije wakanunuliwa na upande wa pili. Ni shule ya ufisadi, watu wamesema, na hawakukosea sana. Ilikuwa pia shule ya bunge, kwa sababu anayejua kuunganisha madiwani kumi na watano wasiopendana ameshajifunza nusu ya kazi ya kupitisha mswada.

Grace Onyango aliingia shule hiyo Kisumu akiwa tayari na kazi nyingine mkononi. Alikuwa amefundisha, na ualimu katika Nyanza ya miaka ile ulikuwa cheo cha heshima na cha kujulikana. Mwalimu aliandika barua za watu, alisoma telegramu za misiba, alijua mtoto wa nani ana akili lakini hana karo. Meya Mathias Ondiek alipofariki mwaka 1965, madiwani, wengi wao wanaume, wakampa Onyango kiti. Hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa amekuwa meya nchini kabla yake. Nairobi haikupata mwanamke katika umeya hadi mwaka 1970, alipochaguliwa Margaret Kenyatta, binti wa Rais.

Tofauti kati ya kuchaguliwa na kuteuliwa inafaa kuangaliwa kidogo. Wanawake waliotangulia kuketi katika Legco, Jemima Gecaga mwaka 1958 na Priscilla Abwao mwaka 1961, waliteuliwa. Bunge la uhuru la 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Wanaume waliosimama majukwaani wakisema kwamba jimbo haliwezi kupewa mwanamke walikuwa wakisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijaribu. Kisumu ilikuwa imelijaribu kwa miaka minne: watu walikuwa wamemwona mwanamke akiongoza kikao cha baraza, akipokea wageni wa serikali na kuulizwa habari za takataka na mifereji. Mwaka 1969 hawakuwa wakikisia. Baada yake mwaka 1974 wakaja Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, Julia Ojiambo wa Busia na Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi, na mlango ukawa umefunguka walau kiasi cha mtu kupita ubavu.

Sasa turudi kwenye ule upana wa mlango.

Mabaraza ya wilaya, yaliyoitwa mabaraza ya kaunti baada ya uhuru, yalirithi shule za msingi, zahanati na barabara nyingi za vijijini. Yalirithi pia hazina tupu. Wazazi walitaka shule kila kona na kodi haikukusanyika. Walimu wakakaa miezi bila mishahara. Tume ya Hardacre, iliyochunguza hali hiyo mwaka 1966, ilitaka mabaraza yaimarishwe yaendelee na kazi zake. Serikali haikukubali. Kulikuwa na hesabu za fedha, na kulikuwa na hesabu za siasa. Odinga alikuwa ameondoka katika chama tawala cha KANU mwaka huo huo wa 1966 na kuunda KPU, na palipokuwa na baraza palikuwa na jukwaa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, fomu za wagombea wa KPU wapatao 1,800 zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa ipasavyo. Za KANU zilikubaliwa zote. Ni vigumu kuamini kwamba chama kizima kilikosa mtu mmoja anayejua kujaza fomu, na kwamba chama kingine kizima hakikuwa na anayekosea.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuhamisha majukumu ya serikali za mitaa. Kuanzia 1970 elimu ya msingi, afya na barabara vikaondolewa mikononi mwa mabaraza ya kaunti na kupelekwa wizarani Nairobi, pamoja na chanzo chake kikuu cha mapato, ile kodi ya kichwa iliyopimwa kwa kipato. Manispaa kubwa ziliachiwa kazi zao. Kwa maandishi ilikuwa ni hatua ya kiutawala. Kwa siasa ilikuwa ni mgawanyo wa nchi mara mbili: mjini diwani alibaki na shule, zahanati na nyumba za kugawa, shambani akabaki na mnada wa ng'ombe, ushuru wa mazao na leseni za baa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo inapoeleweka kwa nini majina makubwa yaliyopanda kutoka udiwani hadi ubunge katika miaka iliyofuata ni ya mijini: Rubia wa Nairobi, Onyango wa Kisumu, Andrew Ngumba wa Nairobi tena, na baadaye Najib Balala wa Mombasa. Shambani anayetaka ubunge alijifunza njia nyingine. Alichanga kwenye harambee, alijenga darasa kwa fedha zake au kwa fedha za mkubwa fulani aliyemtuma, akasubiri uchaguzi. Hakuhitaji kukaa miaka kwenye kamati ya masoko.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Huko nako mlango ulikuwa umefunguka vizuri: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyewafundisha watunzi wa Kiswahili kanuni za vina na mizani, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, akawa mbunge na waziri, na kufariki akiwa bado kijana mwaka 1964; uwanja wa michezo wa Arusha unabeba jina lake. Lakini mwaka 1972 serikali, kwa jina la madaraka mikoani, ilivunja mabaraza ya wilaya, na ya miji yakafuata. Yalianza kurudishwa miji ikitangulia mwaka 1978, na wilaya katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa muda wa kizazi kizima cha vijana wa chama tawala, TANU, aliyetaka kujifunza uongozi alijifunzia ndani ya chama. Kenya haikufuta mabaraza yake. Iliyaacha yakiwa na njaa.

Onyango alikalia kiti cha Kisumu Mjini hadi mwaka 1983. Bunge alilolikuta lilikuwa na kanuni iliyomtaka mgombea ajue Kiingereza, jambo ambalo liliwazuia madiwani wengi waliokuwa mafundi wa kuhutubia kwa Kiswahili au kwa lugha za kwao. Mwezi Julai 1974 Kenyatta akatangaza kwamba kuanzia hapo Bunge litajadili kwa Kiswahili. Mawaziri waliosoma Oxford wakajikuta wakihangaika na ngeli mbele ya wabunge wa viti vya nyuma waliokuwa wakiteleza. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na ilipofika 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa. Watu wa mabaraza, ambao walikuwa wamezoea kusikiliza malalamiko ya soko kwa Kiswahili asubuhi na kusoma taarifa ya karani wa mji kwa Kiingereza mchana, hawakupata taabu kubwa. Onyango alikuja pia kuketi kwenye kiti cha Spika kama naibu wa muda, na aliyekwisha kuongoza baraza la mji hakuwa na sababu ya kuogopa rungu.

Rubia ndiye aliyekwenda mbali, na kulipa zaidi. Aliacha umeya mwaka 1967, akachaguliwa mbunge wa Starehe mwaka 1969, na kukishika kiti hicho kwa miaka kumi na tisa, akipanda hadi uwaziri chini ya Rais Daniel arap Moi. Starehe ni katikati ya jiji: maduka, masoko, vituo vya mabasi, mitaa ya makabwela. Wapiga kura wake walikuwa wale wale waliomjua akiwa barazani. Mwaka 1986 KANU ilipoamua kwamba wagombea wachujwe kwa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, Rubia alisimama kuupinga utaratibu huo hadharani. Watu waliuita mlolongo. Chini ya mlolongo mgombea aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi ya kura, hakukuwa na kitu cha kuhesabu tena mtu anapolalamika. Mwaka 1988 Rubia akatangazwa kushindwa Starehe.

Aliyekuwa meya hakurudi nyumbani kupumzika. Mwezi Mei 1990 yeye na mwanasiasa mwenzake Kenneth Matiba walikaa mbele ya waandishi wa habari na kudai mfumo wa vyama vingi. Wakaomba kibali cha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai. Wakakamatwa siku chache kabla. Siku hiyo, Saba Saba, Nairobi ikawaka. Rubia alitoka kizuizini mwaka 1991 afya yake ikiwa imedhoofika. Aliishi hadi Desemba 2019.

Wakati wa Saba Saba jiji lenyewe halikuwa na madiwani. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji kwa madai ya ubadhirifu na kuweka tume ya watu walioteuliwa, na tume hiyo ikakaa hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Kwa miaka tisa mtoto wa Nairobi aliyetaka siasa hakuwa na wadi ya kuanzia. Ngumba alikuwa amewahi kupita kabla mlango haujafungwa. Alikuwa meya kuanzia 1977 hadi 1980, na mwaka 1983 akamwangusha Dk. Munyua Waiyaki, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, katika jimbo la Mathare. Waiyaki alikuwa mtu wa mikutano ya kimataifa. Ngumba alikuwa mtu wa ploti na vibanda, na Mathare haikuwa na shida ya mikutano ya kimataifa. Bungeni hakudumu: kampuni yake ya fedha, Rural Urban, iliporomoka, naye akaondoka nchini.

Mombasa inatoa mfano ambao watu wa Pwani wanausimulia kwa ladha. Shariff Nassir alikuwa mbunge tangu 1974, nguzo ya KANU katika mji ule, mtu ambaye hotuba zake zilijaza ua na magazeti ya kesho yake. Mwaka 1998 kijana mfanyabiashara, Najib Balala, akawa meya. Alikaa muda mfupi tu, na akaondoka kwa kujiuzulu, lakini muda huo ulitosha mji kumwona akipigana juu ya takataka, vibanda na mapato ya manispaa. Desemba 2002 wimbi la muungano wa NARC lilipofika, Balala akachukua jimbo la Mvita kutoka kwa Nassir, na mwezi uliofuata akawa waziri. Kiti hicho kilirudi kwenye ukoo mwaka 2013, Abdulswamad, mwana wa Nassir, alipokitwaa, kabla ya kuwa gavana wa Mombasa mwaka 2022. Mvita haisahau majina.

Bunge la 2003 ndilo lililobadilisha mchezo. Lilipitisha sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali na kuyagawa majimboni, mbunge akiwa na sauti kubwa katika kamati. Madarasa, zahanati, visima, karo za maskini: kila kilichoondolewa kwenye mabaraza ya kaunti mwaka 1970 na kupelekwa wizarani sasa kilirudi jimboni, ila kilipita juu ya kichwa cha diwani na kutua kwa mbunge. Mabaraza nayo yalikuwa yamepewa mgao wao wa asilimia tano ya kodi ya mapato kuanzia mwaka 1999, lakini mwenye hundi inayoonekana alikuwa mbunge. Diwani aliyetaka kupanda sasa alikuwa na sababu mpya. Zamani mtu aliacha wadi kwenda Nairobi kutunga sheria. Baada ya 2003 alikwenda Nairobi ili apate fedha za kuifanyia wadi.

Mabaraza yote 175 yalikufa na uchaguzi wa Machi 2013. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47 na wadi 1,450, na diwani akabadilika kuwa mwakilishi wadi, mwenye mshahara, anayetunga sheria za kaunti na kupitisha bajeti ya gavana. Wawakilishi hao walijifunza upesi kwamba wana silaha ambayo diwani hakuwa nayo. Mwezi Januari 2014 wale wa Embu walipiga kura ya kumwondoa Gavana Martin Wambora, wa kwanza nchini. Desemba 2020 wale wa Nairobi wakamwondoa Mike Sonko, na Seneti ikaafiki. Kaunti kadhaa zikaanzisha hazina za wadi, kwa mfano ule ule wa CDF. Njia ya kwenda bungeni haikufungwa. George Aladwa, meya wa mwisho wa Nairobi, alikaa nje kipindi kimoja, akachaguliwa mbunge wa Makadara mwaka 2017 na kurudi tena mwaka 2022.

Swali la nani hasa anapaswa kujenga darasa likafika mahakamani. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka katiba: mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kuikagua serikali, na kuingia katika utoaji wa huduma ni kuingilia madaraka ya kaunti na ya serikali kuu. Sheria hiyo ilikuwa tayari imekwisha kubadilishwa mwaka 2015 na nyingine yenye jina refu zaidi, kwa hiyo fedha hazikusimama. Kesho yake, tarehe 9, ulikuwa uchaguzi mkuu. Wagombea ubunge, wakiwamo wengi waliowahi kuwa madiwani na wawakilishi wadi, walikwenda kwenye vituo baada ya miezi ya kujinadi kwa basari, matangi ya maji na madarasa yaliyopakwa rangi mpya.